Upande Wangu wa Sinia

Nimerudi. Nimeisimulia safari hii mara tatu kanisani, mara mbili sokoni na mara moja kwa daktari wa meno huku mdomo ukiwa wazi, na kila nikifika katikati kuna mmoja wenu anayenikatiza kuuliza, "Sasa Mama Mueni, ulikula pilipili au hukula?" Kwa hiyo nimeandika yote mara moja. Someni wenyewe, kisha mniache nipumzike.

Sikula. Mwenye haja ya kujua hilo tu anaweza kuishia hapa.

Waliobaki wanajua mambo yalianzaje. Mwanangu Mueni aliolewa Lamu miaka mitatu iliyopita, na Athman, kijana aliyesoma naye chuo cha ualimu. Akasilimu, akaitwa Maryam, na hilo tulishalizungumza nyumbani, tukalia, likaisha. Kilichonikaa kooni ni sahani. Siku ya harusi pale Amu, yaani Lamu mjini, wanawake wote waliketi mikekani wakayazunguka masinia ya biriani, sita kwa sinia, na mwanangu katikati yao. Mimi niliwekewa kiti na kimeza kidogo kando ya ukuta, nikapewa sahani ya wali mweupe na kuku wa kuchemsha, kwa sababu nilikuwa nimetanguliza habari kwamba sili pilipili. Picha ipo. Naonekana kama mkaguzi aliyetumwa kuhakikisha kwamba wengine wanakula. Nilijua bila kuambiwa kwamba sahani ile ilikuwa kazi ya Bi Khadija, mama yake Athman, na kwa miaka mitatu nilimwekea kinyongo.

Nilipostaafu niliapa mambo mawili. La kwanza, nitakwenda Mbwajumali, kijijini kwao katika kisiwa cha Pate, nikae chini na mwanangu tule sinia moja. La pili, sitakula pilipili. Si moja kati ya hayo. Yote mawili.

Msiniulize tena kwa nini siili. Si vidonda vya tumbo, wala si dini, wala daktari hajanikataza. Siipendi. Nimepikia shule ya bweni miaka ishirini na sita bila kuitia sufuriani, na hakuna mtoto aliyekufa kwa kuikosa. Mtu akisema hapendi maini, anaachwa na maisha yake. Akisema hapendi pilipili, kila aliye mezani anageuka kuwa mwalimu.

Wote hadi Mombasa

Kabla ya kutoka Wote, mjini kwetu Ukambani, nilitia kwenye mfuko mahindi yaliyokobolewa ya kupikia muthokoi, maharagwe, chumvi, na hotipoti yangu kubwa ile ya kifuniko cha bluu inayoweka chakula moto toka asubuhi hadi jioni. Nilijiambia: nikifika siku ya chakula na sinia ikaja inawaka, nitakaa pale pale kwenye mkeka nile changu. Nilitia pia pakiti sita za zile dawa nyeupe za kutafuna za kiungulia. Mueni ndiye aliyeniagiza kwa simu. Alisema kuna jirani zinamfaa, na huko kisiwani hazipatikani kila siku. Nilimuuliza ni jirani gani huyo anayekula dawa kama njugu, akacheka, akaanza kuniuliza habari za mbuzi.

Gurudumu la basi lilipasuka kabla ya Voi. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa karibu saa tatu, tumejibanza upande mmoja wa basi kufuata kivuli. Kwa hiyo Mombasa niliingia na njaa ya kusahau adabu. Niliona mkahawa unauza viazi karai, vile viazi vya kuviringwa kwenye unga wa manjano na kukaangwa. Nikamwita mhudumu, nikamwambia polepole, nikimtazama usoni, kwamba sitaki pilipili hata ya kupita karibu. Akasema, "Haina pilipili, mama. Ni ukwaju tu." Nilichovya kiazi kwenye ule ukwaju, nikatia mdomoni.

Nilipoweza kusema tena, nilimwita. Aliinama akaonja kwa kidole, akaniambia kwa upole kabisa kwamba hiyo si pilipili, hiyo ni ya kuchangamsha. Hapo ndipo nilipopata somo la kwanza la pwani. Mtu wa pwani akisema chakula hakina pilipili, anamaanisha kwamba yeye hakuigundua. Hadanganyi. Ulimi wake umeshahamia mtaa mwingine, nao haupokei habari za mtaa wetu. Nilikula mkate mkavu na chai ya maziwa, nikalala.

Mombasa hadi Mokowe

Kwenye basi la Lamu niliketi na Mwalimu Wafula, mtu wa Bungoma aliyekuwa akirudi kazini Amu, kijana mpole mwenye tabasamu pana. Tulipofika Gamba tukasimamishwa hadi magari mengine yafike, ndipo tuondoke pamoja na askari. Tuliambiwa ni nusu saa. Mnazijua nusu saa za namna hiyo. Wanawake walipita na mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa ndimu na pilipili nyekundu, na wote waliiona sura yangu, wakapita haraka.

Nilimweleza Wafula ninakokwenda. Akanihurumia, kisha akanipa ushauri ambao sikumwomba. Alisema yeye alipofika Lamu miaka miwili iliyopita alikuwa kama mimi. Akaamua kujifunza: pilipili moja mbichi kila siku kwa wiki nne. Sasa anakula na wenyeji, anaalikwa harusini, anaitwa Bwana Wafula. Alisema bila hivyo mtu wa bara hubaki mgeni hadi uhamisho. Akatoa pilipili ya kijani mfukoni, mfukoni kabisa, karibu na funguo, akaitafuna ili nione.

Niliona. Niliona jasho likitoka nyuma ya masikio, kisha puani, kisha akashikwa na kwikwi ambayo haikumwacha hadi magari yalipoanza kusogea. Nilimpa maji yangu. Nikamuuliza kama huwa anasikia ladha ya samaki wenyewe anapokula na hao wenyeji wake. Akajifuta jasho puani.

"Samaki nilimsikia mwaka wa kwanza," akasema.

Sikutaka kumvunja moyo, ni kijana wa watu. Lakini nilimwambia kwamba mtu anayekukaribisha kwake kwa sharti la kuungua hajakukaribisha, amekupa mtihani, na mimi mitihani niliimaliza darasa la saba. Alicheka kwa kwikwi. Kimoyomoyo nilikuwa na hofu, lazima nikiri. Nilikuwa najiuliza ikiwa kijana wa watu amehitaji wiki nne za mateso ili aketi mkekani kwa watu wasio ndugu zake, Mueni wangu amelipa nini.

Mokowe hadi Amu

Kutoka Mokowe ni mwendo mfupi wa boti. Nilifikia kwenye nyumba ya wageni ya Bi Zuhura, mjane wa Amu mwenye vyumba vinne na sauti ya kuweza kuita watu toka ng'ambo. Alikuwa amenipikia. "Karibu, mama. Keti tini ule," akasema. "Mtuzi hauna pilipili, niliambiwa."

Mchuzi ulikuwa wa samaki na tui zito la nazi, na juu yake palielea pilipili mbuzi nzima, ya manjano, nono, imejilaza pale kama mwenye nyumba. Nikamwonyesha. Bi Zuhura akaniambia hiyo haikutiwa kwa ukali, imetiwa kwa harufu tu. Huwekwa nzima, juu, mwishoni, na mpishi huilinda isiguswe na mwiko. Madhali haikupasuka, haina neno.

Sasa nyinyi mnanijua. Miaka ishirini na sita jikoni, siwezi kuambiwa jambo la sufuria nikaliamini bila kulijaribu. Nikaibonyeza kwa kijiko, kidogo tu, nione kama ni kweli haipasuki. Ikapasuka. Ilipasuka kwa sauti ndogo, mbegu zikatapakaa kwenye tui, na nyumba nzima ikaanza kukohoa pamoja nasi.

"Umeipasua mwenyewe," Bi Zuhura akasema, akifuta macho kwa ncha ya leso. Alirudia maneno hayo kwa kila aliyeingia mlangoni jioni ile.

Alikuwa na haki ya kucheka, na mimi nilicheka, lakini nilikuwa nimepata somo la pili: pilipili ya watu hawa ina adabu zake, na mwenye kuipasua ndiye mwenye lawama. Nilimweleza safari yangu na ile sahani ya harusini. Aliacha kucheka. Alinifundisha mambo ya sinia kama anayefundisha mtoto, akichora duara mkekani kwa kidole. Kila mtu ana upande wake, ule ulio mbele yake. Wali wa kula ni ule ulio mbele yako. Mwenye nyumba ndiye mwenye ruhusa ya kuvuka, akate kipande kizuri cha samaki akuwekee upande wako, na hayo ndiyo mapenzi. Wewe mwenyewe huvuki. Mkono ukivuka kwenda kwa mwenzio, watu watasema hukulelewa. Nilimuuliza mtu hufanyaje asipopenda kilicho upande wake. Alinitazama kana kwamba nimeuliza mtu hufanyaje asipopenda jina lake.

Kungoja maji

Boti ya Pate ilikuwa iondoke saa moja asubuhi. Kwa kuwa nilikuwa nimeloweka mahindi na maharagwe usiku, Bi Zuhura aliniachia jiko la makaa toka alfajiri, na nikawa na wasiwasi kwamba muthokoi hautaiva kabla ya kuondoka. Nilihofu bure. Nahodha alikuwa akisubiri mabati ya mtu, na mabati yalipofika maji yalikuwa yameshakupwa, na kule mkondoni boti haipiti hadi maji yajae tena. Hakuna aliyegomba. Watu walirudi majumbani mwao kana kwamba waliamka ili waje kuaga tu.

Nikarudi jikoni. Hiyo ndiyo mara ya kwanza ambayo kuchelewa kulinifaa katika safari nzima. Nilipika muthokoi wangu kwa moto mdogo hadi punje zikafunguka na maharagwe yakawa laini bila kupondeka, nikatia vitunguu vilivyokaangwa vikawa kahawia, chumvi, basi. Bi Zuhura alionja, akasema ni kitamu, akasema kwa sauti ya kuomba kwamba kama ningeweka pilipili moja tu, nzima, ya harufu. Nikafunika hotipoti.

Saa saba mchana boti iliondoka. Nilikuwa nimekaa juu ya mabati, nimekumbatia hotipoti mapajani, na wanawake walinitazama kwa heshima kubwa. Mmoja wao alinipa mabuyu. Yalikuwa mekundu sana, kwa hiyo nikayatia mfukoni kwa shukrani. Kutoka gati ya Mtangawanda nilipanda pikipiki, tukapita Siyu, mchanga ukatupeleka kulia na kushoto, na mwenye pikipiki alinisihi mara mbili niiweke ile hotipoti chini nimshike yeye. Nilikataa. Mtu aliyetoka Wote na mahindi yake hawezi kuyamwaga akiwa amebakiza vijiji viwili.

Mbwajumali

Mueni alitoka mbio, akanikumbatia pamoja na hotipoti yangu. Alikuwa amekonda. Bi Khadija alisimama mlangoni na mawifi wawili wa mwanangu, Swafiya na Rukia, wote wamevaa vizuri kwa ajili yangu, na wote hawajala. Chakula cha mchana kilikuwa kimenisubiri hadi alasiri. Athman na baba yake walikuwa wameshakula barazani. Athman akaja kunipa mkono kwa adabu zake zote, akarudi shuleni kumalizia kazi.

Kabla hatujaketi, Mueni alinivuta hadi uani. Alifunga mlango. Aliniambia kwamba ameniwekea sahani, chumbani kwake, nile huko kwa utulivu, nitajisingizia uchovu. Nikamwambia nimesafiri siku tatu kuikimbia sahani hiyo hiyo. Nikasema mama mkwe wako alinitenga siku ya harusi, sasa wewe unataka kunitenga kwa niaba yake.

Akatazama chini. "Sahani ile niliagiza mimi, mama."

Nilidhani sijasikia vizuri, akarudia. Alisema alijua nikiketi kwenye sinia nitauliza kila punje ina nini, nitasema kwa sauti, watu watasema mama yake Maryam amekidharau chakula chao, na yeye ndiyo kwanza anaingia nyumbani kwao. Bi Khadija hakujua chochote. Bi Khadija aliambiwa kwamba desturi yetu ni mama wa bibi harusi kula kitini peke yake.

Jamani, iliniuma. Siwezi kuandika hapa eti niliichukua kiutu uzima. Miaka mitatu nimemchukia mwanamke wa watu kwa kosa la mwanangu, na mwanangu ananionea haya. Nilitamani kurudi kwenye pikipiki. Badala yake nilisema, "Leo nitakula mkekani. Na pilipili sili. Ukiona haya, fumba macho." Nikafungua mlango, nikaingia ndani na hotipoti yangu.

Sinia ilikuwa imeshawekwa. Wali wa nazi, mweupe, samaki wa kupaka katikati, na bakuli la mchuzi pembeni likingoja kumiminwa. Juu ya mchuzi zilielea pilipili mbuzi tatu, nzima, zikiwa salama. Niliketi chini. Magoti yalilia lakini yakaketi. Mueni akaketi kushoto kwangu, uso umemsinyaa, na Bi Khadija kulia kwangu.

"Nini hiki, mkwe wangu?" Bi Khadija akauliza, akiitazama hotipoti.

"Chakula," nikasema. Nilikuwa ninakusudia kuongeza "changu". Kinywa kilikuwa wazi kabisa kwa ajili ya neno hilo. Lakini yeye alikuwa ameshaipokea kwa mikono miwili, akaifungua, mvuke ukamgonga usoni, akafumba macho.

Akawageukia binti zake. "Mkwe wangu ametoka kwao na chakula cha kwao," akasema. "Amevuka nti nzima amekipakata."

Na hakuuliza tena. Aliusukuma wali kwa upande wa kiganja, akapata nafasi mbele yangu, akaumimina muthokoi wote pale, ukawa kilima kinachofuka moshi. Aliniambia nigawe, kwa kuwa ni changu, mimi ndiye mwenye nyumba kwa chakula hicho. Kile nilichokibeba ili nile peke yangu kilikuwa kimeshakuwa cha watu watano. Nilikata mafungu kwa vidole, nikavuka, nikamwekea Swafiya, nikamwekea Rukia, nikamwekea Bi Khadija, nikamwekea mwanangu, na kilima kilichobaki kikawa changu. Bi Khadija akasema bismillahi. Mimi nikasema amina kimya kimya, kwa lugha zote mbili.

Walionja. Rukia, aliye mdogo, aliuliza kwa nia njema kama hiki ndicho chakula cha wagonjwa wa kwetu. Bi Khadija alimkanya kwa jicho, akavuta kibakuli cha achari ya ndimu, akachanganya na muthokoi upande wake, akaonja tena, na uso ukakunjuka. Alinisifu kwa dhati. Nilinyamaza, nanyi mnajua nilivyopata tabu. Kisha akainua bakuli la mchuzi na kuanza kumimina katikati. Mchuzi ulianza kutelemka kuja kwangu, nami nikafanya lililonijia: nikaukusanya muthokoi kwa haraka nikajenga ukuta. Mchuzi ulifika ukutani, ukasimama, ukageukia kwa Swafiya.

"Mimi sili pilipili, Bi Khadija," nikasema. "Samahani sikuombi, maana si kosa. Nimekuja kula nanyi, na hapa ndipo penye chakula changu."

Nilingoja mwanangu afumbe macho. Bi Khadija aliutazama ule ukuta kwa makini, kama mtu anayetazama kazi ya fundi, akasema hakuna ubaya, kila mtu na upande wake. Ilikuwa rahisi hivyo. Siku tatu za safari, miaka mitatu ya kinyongo, na jibu likawa maneno saba.

Kisha akaongeza kwamba ajabu ni Maryam. Kwa mama asiyeigusa ametoka mtoto anayewashinda wote. Wakaanza kumsifu. Swafiya alisema wake wengine wa bara hulia, Maryam hata maji haombi. Bi Khadija kwa furaha akaokota pilipili mbuzi moja kati ya zile tatu, akavuka, akaipasua kwa vidole vyake juu ya wali wa mwanangu, kama mtu anayemwekea mtoto wake mpendwa kipande cha mnofu.

Mueni akasema shukrani. Akala. Nami nikamtazama kama ambavyo sikuwa nimemtazama tangu nifike. Hakuwa akitafuna. Alikuwa akimeza tonge nzimanzima, na jasho lilikuwa limekaa juu ya mdomo wake, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kilikuwa kinabonyeza chini ya kifua, pale pale penye kiungulia. Nikazikumbuka zile pakiti sita. Nikamjua jirani.

Mnaonijua mnategemea kwamba nilipiga kelele. Sikupiga. Kelele zilikuwa zimenijaa hadi kooni, lakini nilijua nikimsemea mimi, itakuwa sahani ya pili, mtu kuamuliwa jambo bila kuulizwa. Nilibomoa ukuta wangu kidogo, upande wa kushoto tu, mahali pa kupita mkono.

"Mueni," nikasema, "muthokoi unapoa."

Alinitazama. Aliwatazama wao. Halafu mkono wake ukatoka mbele yake, ukavuka, ukaingia upande wangu, ukachota. Akala. Akatafuna, mara hii akatafuna kweli, machozi yakimtoka, akarudi tena. Swafiya aliacha tonge hewani. Hakuna mkono uliovuka katika nyumba ile isipokuwa wa mwenye nyumba.

Bi Khadija alikuwa wa kwanza kusema. "Miaka mitatu nakutilia pilipili, mwanangu, na hunambii?"

"Mwanisifu, mama," Mueni akajibu. "Kila nikila, mwanisifu."

Bi Khadija alivuka, mara hii polepole, akaanza kuzitoa mbegu kwenye wali wa mwanangu, moja moja, kwa vidole vile vile vilivyoipasua, akizipanga kwenye kifuniko cha hotipoti yangu. Alikuwa akilia, na haikuwa kwa ukali. Baadaye, wakati wa kahawa, aliniambia kwamba na yeye alinikasirikia miaka mitatu, akidhani ni mimi niliyekataa kuketi nao mkekani. Tulimtazama Mueni kwa pamoja, mama wawili, naye akakimbilia jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na mambo mengi. Boti ilichelewa, basi likachelewa, Bi Zuhura alinipokea kwa kusema "Umeipasua mwenyewe," na nilimkuta Mwalimu Wafula sokoni, nikamwambia asitafune tena. Mfuko wangu ulirudi na achari ambayo sitaila na dawa za kiungulia pakiti tano, kwa kuwa Mueni alibaki na moja tu, ya tahadhari.

Na kwa mara ya mwisho, kwa wale wanaosema nimefika mpaka Pate na sikujifunza kula pilipili: sikwenda kujifunza. Kwenu nyinyi ulimi wangu ni mshamba, sawa. Mimi nimeuchoka ulimi wa kuombewa msamaha.

Lakini la siku yangu ya pili kule sijawasimulia. Mchana niliitwa kula. Sinia ilikuwa mkekani, kubwa kuliko ya jana yake, wali na samaki na mchuzi, na nilipoinama kunusa sikusikia chochote kikinipanda puani. Mueni alikuwa ameshaketi, anatafuna. Nikauliza pilipili iko wapi, maana Bi Khadija, Swafiya na Rukia hawawezi kula bila hiyo, nami si mtu wa kumnyima mtu chake. Bi Khadija alinyoosha kidole nyuma yangu.

Ilikuwa imewekwa kando ya ukuta, juu ya kimeza kidogo, kwenye sahani, peke yake. Ninajua jinsi mtu anavyojisikia pale. Sikuihurumia hata kidogo.